Sare za Shule Isiyokuwapo

Habari ya kifo cha fundi cherehani wa Bellevue, hapa Johannesburg, ilinikuta mtaani kwangu Kensington, nimesimama kwenye robot na mkate kwapani, nikingoja taa ituruhusu kuvuka. Jirani yake, mama mmoja wa Kikongo anayesuka nywele, alinitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Alisema polepole, kama mtu aliyekwisha kulia na kujifuta: "Papa Mwandishi, fundi ametuacha hii asubuhi. Moyo njo ulisimama." Watu walivuka, mimi nikabaki pale pale. Wasomaji wangu mmenizoea, na mnajua kwamba msiba ukitokea huku ugenini huwa sikosi la kuandika. Safari hii naomba nianze na jambo lisilopendeza. Kitu cha kwanza kilichonipitia moyoni hakikuwa huzuni. Kilikuwa nafuu. Wiki ile nilitakiwa kwenda kwa wakili wake kutoa maelezo, nami nilikuwa nimeshaanza kutafuta udhuru, na hapo kwenye robot nikajikuta nawaza kwamba udhuru hauhitajiki tena. Huzuni ilikuja baadaye, nilipokwisha kufika nyumbani na kuuweka mkate mezani, na ilikuja imeshikana mikono na aibu.

Marehemu hakuwa ndugu yangu, wala hatukuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Alikuwa fundi wangu. Yeye Mkongo wa Uvira, Mkristo wa kuimba kwaya. Mimi mtu wa Tanga, Mwislamu wa kuswali Ijumaa na kuchelewa. Tulikutanishwa na suruali. Nilimpelekea aipunguze kiuno, akaitazama, akanitazama, akasema afadhali aiache kama ilivyo kwa sababu nitanenepa tu, na kweli nikanenepa. Alikaa chumba cha mbele katika nyumba moja ya zamani, ambayo enzi hizo ilikuwa ya familia moja na sasa imegawanywa kwa mbao na mapazia hadi kibaraza kimekuwa chumba cha mtu. Cherehani yake ilikuwa dirishani. Katika nyumba nzima, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na karatasi kamili za ukimbizi, kwa hiyo nyumba nzima ilisimama kwenye jina lake. Ndivyo wasemavyo pale: kusimama kwenye jina la mtu. Mkataba wa pango ulikuwa kwa jina lake, umeme kwa jina lake, laini za simu za vijana wanaolinda maduka zilisajiliwa kwa jina lake, na akaunti yake ya benki ndiyo iliyotunza akiba za watu ambao benki yenyewe isingewafungulia mlango. Hakumtoza mtu. Aliyeleta kuku au kilo ya sukari, alipokea, asiyeleta, hakumkumbusha. Nilipomtania siku moja kwamba jina lake litachakaa, alinijibu kuwa jina si suruali, haliishi kwa kuvaliwa na wengi.

Hapa inabidi nieleze desturi yetu moja, kwa ajili ya wasomaji walio nyumbani. Sisi wahamiaji wa Johannesburg, Wakongo, Watanzania, Warundi na Wakenya, tuna adabu ya kutoulizana. Humwulizi mtu alivukia mpaka gani. Humwulizi karatasi yake inaisha lini, wala kwa nini mwaka huu anaitwa hivi na mwaka jana aliitwa vile. Ukimwona mwenzako na gari jipya, unampa hongera na unanyamaza. Adabu hii tumeijenga kwa hofu, hasa tangu zile fujo za 2015 zilipovunja maduka ya wageni, tukajifunza kwamba usichokijua huwezi kukisema hata ukibanwa. Ni adabu nzuri na imeokoa wengi. Mimi niliipenda kwa sababu nyingine: inampa mvivu nafasi ya kujiita mstaarabu. Mwandishi wa gazeti asiyeuliza maswali, mnaona wenyewe kichekesho hicho.

Katika adabu hiyo akaingia bwana mmoja wa Randburg, kaskazini mwa jiji. Alikuwa mtu wa pwani kama mimi, Kiswahili chake kimenyooka, ofisi yake ina zulia, na hakuna aliyejua anauza nini. Alikuja Bellevue kushonewa kanzu, akaona jinsi nyumba nzima ilivyosimama kwenye jina la fundi, naye akaomba nafasi ya kusimama. Alisema watafungua kampuni ya kushona sare za shule. Mwenye kampuni ni fundi, na makaratasi atayashughulikia yeye. Fundi hakujua Kiingereza cha makaratasi. Alitia saini pale alipoonyeshwa. Baada ya hapo fedha zikaanza kupita kwenye akaunti yake: zinaingia kama malipo ya sare, zinatoka kama malipo ya vitambaa, zinakwenda nje ya nchi zikiwa zimeoga. Sare hazikuwapo na vitambaa havikuwapo. Ndio huo utakatishaji fedha mnaousikia kwenye habari mkadhani unafanyika kwenye maghorofa ya vioo tu. Fundi aliambiwa kwamba sare zinashonwa kwenye kiwanda kingine na jina lake linatosha. Akalipiwa kodi ya chumba. Kanisa likapata viti na spika. Ukitokea msiba, bwana yule analeta basi la kwenda makaburini. Wakristo na Waislamu, sote tukasema Mungu ametukumbuka.

Na mimi nikapata makala. Wasomaji wa siku nyingi mtaikumbuka, ile ya fundi mhamiaji anayevalisha shule, kwa maana wengi mliniandikia kunipongeza. Bwana wa Randburg alinipeleka kwanza Fordsburg, mtaa wa Wahindi, tukala biriani, kisha akaniendesha hadi Bellevue kuonana na mtu ambaye tayari alikuwa fundi wangu. Alinionyesha faili la ankara zenye majina ya shule na mihuri. Mle chumbani palikuwa na cherehani moja, na juu yake gauni la msimamizi wa bibi harusi. Hapakuwa na sare hata moja. Niliona. Nataka ieleweke kwamba niliona. Fundi alitabasamu na kuinamia gauni lake, nami sikuuliza shule ziko wapi, nikaiita heshima. Kisha nikaenda nyumbani nikaandika, kwa Kiswahili ambacho nilijivunia, kwamba mikono iliyokimbia vita sasa inawavalisha watoto wa nchi iliyoipokea. Gazeti likapata tangazo la ukurasa mzima kutoka Randburg. Makala ikakatwa, ikawekwa kwenye fremu, na nilikuja kujua baadaye kwamba benki ilipoanza kudadisi, ilionyeshwa ile fremu pamoja na tafsiri yake.

Siku chache baada ya makala kutoka, fundi alikuja kwangu Kensington. Hakuwahi kuja kabla. Alivaa koti la kanisani, na mkononi alishika kipande cha gazeti kilichofungwa kwa nailoni kama cheti cha ubatizo. Nilimpa chai. Aliiacha ikapoa.

"Papa Mwandishi," akasema, "uliandika kama nashonaka ma-uniforme ya masomo. Miye sijashona hata moja."

Nikamwambia asihangaike, kila mtu anajua magazeti yalivyo.

"Pasta aliyasoma ku kanisa. Watu walipiga makofi, watoto wangu walikuwa pale. Sasa nifanye namna gani?"

"Fundi, ni maneno ya gazeti tu. Kesho watu watafungia vitumbua."

Akasema asante, akanywa ile chai ya baridi kwa adabu, akaondoka. Nilidhani amenielewa. Ankara zote zile za Kiingereza hazikuwahi kumkosesha usingizi, maana kwake zilikuwa mambo ya ofisini, za watu wasiomjua. Maneno yangu yalikuwa kwa lugha yake, yalisomwa madhabahuni, na yalimtaja kwa sifa ambayo hakuifanyia kazi. Alikwenda Fordsburg kwa miguu, akanunua kitambaa kwa fedha ya magauni ya harusi, na akaanza kushona sare za shule.

Wasukaji wa nywele walinieleza jinsi alivyofanya, kisha nikaenda kuona mwenyewe. Alfajiri, kabla wateja hawajaja, alikuwa ameketi dirishani anashona mashati meupe na sketi za marinda za rangi ya damu ya mzee, na sweta za rangi hiyo hiyo alizozinunua kwa jumla ili azitarizi nembo. Shida ilikuwa nembo. Alimpigia bwana wa Randburg kumuuliza shule ile inatumia nembo gani, na yule bwana akacheka hadi simu ikakatika. Basi akabuni yake: akatarizi kifuani samaki wadogo wanne, ndagala wa ziwa la kwao, wanaotazama upande mmoja. Nilimuuliza, nikicheka, ni shule gani itakayokubali nembo ya dagaa. Akasema ndagala ni mdogo lakini hatembei peke yake. Nilicheka tena. Nilimwona akishona, nilishika shati na kugeuza mshono, na ulikuwa mshono safi usio na uzi unaoning'inia. Hata hapo sikuuliza anamshonea nani, wala kwa nini.

Hapakuwa na shule ya kuzichukua, kwa hiyo aliwapa watoto wa nyumba ile na nyumba za jirani. Wengi wao walikuwa hawasomi, kwa sababu shule zilizo karibu zilitaka karatasi ambazo wazazi wao hawakuwa nazo. Ukapita wakati ambapo pale Bellevue ungewaona watoto wamevaa sare maridadi, soksi zimevutwa juu, wakienda duka la spaza kununua maziwa na kurudi, kisha wakikaa kwenye ngazi mchana kutwa. Akina mama walizipenda. Walisema mtoto akiwa amevaa sare polisi hawamsimamishi mama yake, maana wanaona ni mtu anayepeleka mwanawe shule. Msichana mmoja nilimuuliza kwa Kiswahili anasoma wapi. Alinielewa vizuri, lakini akanijibu kwa Kiingereza kwamba shule yao bado haijajengwa. Alijibu kwa utulivu tu, kama anayeeleza kuwa basi limechelewa. Nilimpa peremende nikaenda zangu.

Siku hizi huwa nafikiri sana kuhusu njia ambazo fedha chafu huzipenda. Hazipendi barabara kuu, kwenye taa na askari. Zinapenda vichochoro, na vichochoro hivyo tumevichimba sisi wenyewe kwa sababu za haki kabisa: mlinzi anataka kumtumia mama yake hela ya dawa, msusi anataka mahali pa kuweka akiba, na benki inamwambia lete karatasi. Ukimfungia mtu mwema mlango wa mbele, atajichongea wa nyuma, na siku moja mlango huo wa nyuma atapita mtu asiye mwema, tena kwa salamu nzuri kuliko zetu. Serikali ina lawama yake hapo, sitaifutia. Lakini sisi tulimpa yule bwana kitu ambacho serikali isingeweza kumpa. Tulimpa ukimya wetu, tukauita adabu, na tukala biriani juu yake.

Kisha benki ikaizuia akaunti. Bwana wa Randburg simu yake ikawa haipatikani, ofisi yenye zulia ikawa na mpangaji mwingine. Ndani ya akaunti mlikuwa na akiba ya nyumba nzima, na nyumba nzima ikamgeukia fundi. Watu aliowabeba miaka yote walimuuliza mbele ya mkewe amekula kiasi gani. Ndipo nilipouelewa vizuri ule usemi wa kwetu, mla nawe hafi nawe. Wapelelezi walipokuja na mafaili ya ankara, wakamuuliza sare ziko wapi, mkewe anasema alisimama kwa mara ya kwanza bila kuinamisha kichwa. Aliwatolea sare zilizobaki, zimepigwa pasi na kukunjwa, akaziweka mezani. Kwenye mafaili kulikuwa na sare za kuvalisha mkoa mzima. Mezani palikuwa na rundo la kufika kiunoni. Mmoja wao aliinua sweta, akatazama wale samaki, akairudisha juu ya rundo. Fundi akawaambia kuna mtu wa gazeti aliyemwona akishona, wamuulize.

Ndiyo maana wakili wake, mwanamke wa ofisi moja inayowasaidia wahamiaji bila malipo, alinipigia simu. Alitaka niandike maelezo kwamba fundi aliongozwa, kwamba makala ilitangulia na sare zikafuata, na kwamba mtu anayetaka kuiba hanunui kitambaa kwa fedha yake ili kutimiza ankara ya uongo. Alinieleza bila kuficha kwamba mke na watoto wa fundi wameorodheshwa kwenye karatasi yake ya ukimbizi. Fundi akionekana mhalifu, karatasi inaweza kufutwa, nao wote wanafutwa pamoja naye. Nilisema nitakuja Jumatatu. Jumatatu nikasema nina homa. Kisha nikasema mfungo umekaribia, ngoja upite. Kibali changu mwenyewe cha kuishi kilikuwa kinasubiri kuongezwa muda, na nilijiambia huo ndio woga wangu, na kweli niliogopa. Lakini kilichonizuia zaidi kilikuwa kidogo kuliko hicho. Ningelazimika kusema, mbele ya mtu anayeandika, kwamba nilisifu kazi ambayo haikuwapo. Niliionea huruma makala yangu kuliko nilivyomhurumia fundi. Mfungo ukapita, Idi ikapita, na yeye moyo ukasimama akiwa ameketi dirishani.

Msibani nilikaa nyuma, karibu na geti. Viti vilikuwa vile vile vya bwana wa Randburg, na vingi havikuwa na watu. Walinzi wenye laini zake za simu hawakuja, wapangaji wawili walikuwa wamehama wiki ile ile, kila mmoja akihofia kwamba kati ya waombolezaji atakuwamo mtu wa serikali. Waliokuja ni kwaya, wasusi, na watoto. Watoto walivaa sare. Sijui kama kuna aliyewaambia, au kama ndizo nguo nzuri pekee walizokuwa nazo. Walikaa mbele, safu nzima ya damu ya mzee, na wale samaki vifuani wakitazama upande mmoja. Ukafika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu. Pasta akasema marehemu hakuwa mtu wa maneno, lakini Mungu alijalia yupo aliyeyaandika maisha yake, na akatoa ile fremu, iliyokuwa imebaki kanisani. Akasoma makala yangu yote, kwa sauti ya madhabahuni. Mikono iliyokimbia vita. Shati kwa shati. Shule kwa shule. Watu waliitikia amina. Na safari hii, ndugu zangu, watoto wakiwa wamekaa pale mbele, karibu kila neno lilikuwa limekwisha kuwa kweli, na si mimi niliyelifanya kuwa kweli. Nililia, na jirani yangu akanipiga bega akidhani nalilia rafiki.

Mjane alinifuata getini. Nilitaka kumpa pole, akainua mkono kunizuia. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu.

"Papa Mwandishi, wakili anasema kesi ya karatasi haikufa na yeye. Inabaki yangu na ya watoto."

"Najua, shemeji."

"Wewe ulimuona akishona."

"Nilimwona."

"Basi uende useme vile. Si kwa gazeti. Useme kwa mudomo."

Akanikabidhi mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na shati moja dogo lisilo na vifungo, sindano bado imechomekwa kwenye ukosi. Akaniambia hilo ndilo alilokuwa nalo fundi mikononi moyo uliposimama.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sikubaliani nao tena, au labda hawakuwahi kuandika gazetini. Uongo wangu ulikwenda mbali, ulikwenda hadi Fordsburg kwa miguu na kurudi na kitambaa begani, ila aliyeutembea hakuwa mimi. Nilidhani maneno ya safu hii husomwa na watu kama mimi, wanaojua kucheka na kugeuza ukurasa. Sikujua kwamba mahali fulani yupo anayeyapokea kama deni lake, na anaamka alfajiri kulilipa. Mwandishi hana haki ya kumwachia mtu kazi hiyo. Adabu yetu ya kutoulizana nayo ina mpaka wake, na mpaka huo ni pale ambapo ukimya wangu unalala kwenye jina la mwingine. Haya niliyoyaandika leo nimeyaona kwa macho yangu. Nimeshampigia wakili, amesema nije kesho asubuhi, na mfuko wa shati upo hapa mezani karibu na ufunguo. Makala imekwisha, lakini najua kwamba makala si kitu. Lililobaki ni kwenda kuyasema, na hilo hakuna fundi atakayenishonea.